Nimepata kazi Tredegar, Wales. Wanaoujua mji huu naomba mnieleze

Binti wa Muheza ameandika:

Habari za jioni wapendwa. Waliotangulia, shikamooni.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya wanaume huku Tanga kwa miaka minne. Mwezi ujao, Mungu akijalia, nasafiri kwenda Wales. Nimepata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee pembeni mwa mji unaoitwa Tredegar. Jina hili sikuwahi kulisikia kabla ya barua ya kazi, na hata kulitamka sijui kama nalitamka sawa.

Nimetafuta mtandaoni. Picha ninazoziona ni za nyumba zilizoshikana safu nzima kama mabehewa, milima isiyo na miti, mvua, na saa kubwa katikati ya mji. Maandishi nayo yanarudia mambo mawili: kwamba hapo ndipo alipozaliwa Aneurin Bevan, waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa, na kwamba makaa ya mawe yalikwisha na kazi zikaisha nayo. Yeyote anayeuandika mji huu anauandika kama marehemu. Juzi mama alinisikia nikisoma kwa sauti, akaniuliza swali moja tu: "Hao watu ni watu wa namna gani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwenye kuishi huko, au aliyepita, naomba anisaidie. Siulizi mshahara wala viza, hayo nimeshayamaliza. Nataka kujua mji ulitokea wapi, watu wake wamepitia nini, na mtu kama mimi anapokelewaje. Wazee nitakaowaogesha na kuwalisha walikuwa wakifanya kazi gani? Nisije nikaingia chumbani kwa mtu nisijue ninazungumza na nani.

Kipanga wa Cardiff amejibu:

Mdogo wangu, nitakuambia kama nilivyoona. Nimeishi Cardiff miaka 11, na Tredegar nimefika mara kadhaa nikipeleka mizigo. Treni ya abiria ya bonde lile iliondolewa mwaka 1960, haijarudi. Ukitaka treni uende Ebbw Vale au Rhymney, mabonde ya jirani, halafu umalizie na basi. Kazi ya chuma iliisha karne ya 19, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na kile kiwanda kikubwa cha chuma cha pua cha Ebbw Vale kikafungwa mwaka 2002. Vijana wanashuka kutafuta maisha Cardiff na Newport. Mwezi wa 12 saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia na mvua inanyesha kwa ubavu.

Tafuta kazi huku Cardiff. Kuna Waswahili, kuna msikiti na makanisa yetu, unga wa sembe unapatikana. Mji ule ulishakufa, usiende kukaa matanga ya watu usiowajua.

Mama Nuru wa Sirhowy amejibu:

Marahaba mwanangu, na karibu sana.

Kaka wa Cardiff namheshimu, na aliyosema kuhusu treni na giza la Desemba ni kweli tupu. Neno moja tu nalikataa. Mji huu haujafa, umefiwa. Aliyefiwa unaingia kwake, unakaa naye, unamsikiliza. Mimi nimekaa naye tangu mwaka 2005, nikianzia kazi ileile unayoijia wewe, na sasa ni muuguzi wa kupita majumbani. Kwetu ni Korogwe. Baba yangu alikata mkonge mpaka mgongo ukagoma.

Kwanza jina. Linatamkwa Tre-DII-ga, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyotamka sisi. Kiwelshi kina tabia hiyo, kwa hiyo majina ya vijiji ambayo Waingereza yanawashinda, wewe ukishaelekezwa herufi utayatamka vizuri. Wazee wataligundua hilo siku ya kwanza.

Sasa nikueleze mtu wa kwanza niliyemwogesha. Alikuwa mzee mrefu, kifua kimembana, bomba la oksijeni puani. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na mstari wa bluu, na mingine kwenye vifundo vya vidole na mgongoni. Nikadhani ni uchafu wa kalamu. Nikachukua kitambaa na sabuni, nikasugua. Akaacha nisugue kidogo, halafu akanishika mkono akasema taratibu: hayo ni makaa, binti, hayatoki, nitazikwa nayo. Mchimbaji akijikata chini ya ardhi, vumbi la makaa linaingia kwenye kidonda, kidonda kinafunga nalo ndani. Ndiyo maana kovu linakuwa la bluu. Tangu siku ile, nikimwona mzee mwenye kovu la bluu, namuuliza kwanza jina la mgodi wake kabla ya kumuuliza jina la ugonjwa. Anza hivyo na wewe. Utaona uso unavyofunguka.

Ulipotokea mji. Kabla ya chuma, bonde hili la mto Sirhowy lilikuwa la kondoo na mashamba machache. Mwaka 1778 likajengwa tanuru la chuma juu ya bonde, pale Sirhowy, na mwaka 1800 Samuel Homfray na wenzake wakaanzisha kiwanda cha Tredegar. Walifuata vitu vilivyokuwa pamoja kwenye mlima mmoja: mawe ya chuma, makaa ya kuyayeyushia, mawe ya chokaa ya kusafishia, na maji ya mto. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Morgan, na jina Tredegar ni la jumba la ukoo huo, lililo mbali kule chini karibu na Newport. Kwa hiyo hata jina la mji lilikuwa la mwenye ardhi.

Wewe ni mtoto wa Muheza, hili utalielewa haraka kuliko mtu wa Cardiff au London. Fikiria shamba la mkonge la zamani. Nyumba ni za kampuni, duka ni la kampuni, njia ya reli ni ya kampuni, na bwana mkubwa anakaa kwenye jumba lenye bustani mahali ambapo anaona kila moshi. Tredegar ilikuwa hivyo. Jumba la Homfray, Bedwellty House, la mwaka 1818, bado lipo, na bustani yake sasa ni ya umma. Ukifika uende ukaone bonge moja la makaa ya mawe lenye uzito wa tani 15 hivi. Lilichongwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 lakini halikufika, likabaki hapa. Mimi huwa naligusa nikipita. Kitu kilichojenga meli na reli za dunia, na hapa watu wamekizungushia bustani ya maua.

Na kwetu wakata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake ya mkataba. Wachimbaji wa hapa nao walikuwa na namba. Kila aliyeshuka alichukua taa yake na kisahani cha shaba chenye namba. Mgodi ukilipuka, walioko juu walihesabu visahani wajue nani hajapanda. Mabonde ya jirani yamepitia hayo wazi kabisa: mgodi wa Marine, pale Cwm, tarehe 1 Machi 1927, siku ya Mtakatifu Dafydd, wanaume 52 walikufa. Mgodi wa Six Bells, Juni 28, 1960, wanaume 45. Six Bells sasa ina sanamu ya mchimbaji ya mita 20, imetengenezwa kwa vipande vya chuma kiasi kwamba ukiwa mbali unaona kama mwili unayeyuka hewani. Nilimwonyesha mzee wangu mmoja kisahani cha shaba kilichokuwa kwenye droo ya marehemu mume wa jirani yangu. Akakishika kiganjani muda mrefu bila neno. Nikamwambia habari ya manamba, namba ya baba yangu. Akaniomba niitaje kwa Kiswahili, akairudia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote, maana bila hilo Bevan hutamwelewa.

Watu wa hapa walikuwa na mfuko. Ulianza mwaka 1890, vyama vidogo vya wafanyakazi vya kusaidiana kwenye ugonjwa vikaunganishwa kuwa Chama cha Tiba cha Wafanyakazi wa Tredegar. Kila mwanachama alikatwa peni 3 katika kila pauni ya mshahara. Pauni ya wakati ule ilikuwa na peni 240, kwa hiyo piga hesabu: katika kila shilingi 80, unatoa 1. Anayelipwa kidogo anatoa kidogo, anayelipwa zaidi anatoa zaidi, ila mkiumwa mnatibiwa sawa, wewe na mke na watoto. Katika miaka ya 1920 walikuwa wameajiri madaktari watano, mpasuaji, wafamasia wawili, daktari wa meno, mtaalamu wa viungo na muuguzi wa kupita majumbani. Wakatoa miwani, meno ya bandia, miguu ya bandia, hata nauli ya treni kwa mgonjwa anayepelekwa hospitali ya mbali. Karibu mji wote ulikuwa ndani ya mfuko huo, watu zaidi ya 22,000 kati ya 24,000.

Soma tena hapo niliposema waliajiri madaktari. Mchimbaji aliyeacha shule akiwa mtoto alikaa kwenye kamati akamhoji daktari, akampa kazi, na akaweza kumuita amuulize kwa nini mke wa fulani hakutembelewa. Mimi nilipolisoma hili kwa mara ya kwanza, kwenye jengo lao la zamani namba 10 pale mzunguko wa saa, nilikaa chini kwenye kiti. Baba yangu alikuwa akipanga foleni kwenye zahanati ya shamba kama anaomba.

Bevan alizaliwa humu Novemba 1897, mtoto wa mchimbaji. Aliacha shule akiwa na miaka 13 akashuka mgodi wa Ty Trist. Alikuwa na kigugumizi. Wazee wanasimulia alivyopanda milimani kujizoeza kusema, na alivyokuwa akimeza vitabu vya maktaba ya wafanyakazi, ambayo nayo ilijengwa kwa kuchangiana, ili neno moja likimkwama awe na lingine la kulibadilishia. Mwaka 1925 baba yake alifariki kwa vumbi la makaa mapafuni, Aneurin akiwa amemshika, na familia haikulipwa kitu kwa sababu ugonjwa ule ulikuwa haujakubaliwa kisheria kuwa wa kazini. Akaingia kamati ya hospitali ya mji. Mwaka 1929 akawa mbunge wa Ebbw Vale, na mwaka 1945 akawa waziri wa afya. Julai 5, 1948 huduma ya afya ya taifa ikafunguliwa, na yeye mwenyewe alisema kuwa anachofanya ni kuwapa watu wa nchi nzima kile walichokuwa nacho Tredegar. Mwaka 1951 serikali yake ilipotaka watu walipie meno ya bandia na miwani, alijiuzulu. Meno na miwani! Watu wa mbali wanashangaa waziri kuacha kiti kwa ajili ya miwani. Hapa hakuna anayeshangaa, kwa sababu miwani ilikuwamo kwenye zile peni 3.

Mpaka leo dawa unayoandikiwa na daktari Wales hulipii, tangu mwaka 2007. Ukivuka mpaka kuingia England watu wengi wanalipa.

Ulipouliza wazee wako walifanya kazi gani: wanaume wengi mgodini au kwenye chuma cha Ebbw Vale, wanawake viwandani na majumbani. Utakutana na walioshiriki mgomo mkubwa wa Machi 1984 mpaka Machi 1985, mwaka mzima bila mshahara. Wanawake waliopika kwenye majiko ya pamoja wakati ule ni bibi zako wa sasa. Muulize mmoja alipikia watu wangapi, chai yako itapoa. Usiulize mgomo uliishaje, mpaka mwenyewe akuambie. Na ukikuta mzee analala ameketi, usimlaze chali kwa kufuata karatasi. Mapafu yake hayaruhusu. Muongezee mto.

Naona nimeandika sana na chakula cha usiku kinaungua. Nitarudi.

Binti wa Muheza ameandika:

Mama Nuru, nimemsomea mama yote, kuanzia mstari wa bluu. Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba, alitoka kusini akaja Tanga kwa mkataba akaishia hukohuko. Mama amenyamaza muda kisha akasema, "Kumbe ni watu wa kuchangiana." Nimepata jibu la nusu.

Nusu ya pili, mnisamehe nikiuliza wazi. Watu wanaochangiana hivyo wakati mwingine wanachangiana wenyewe kwa wenyewe tu. Mgeni wanamfanyaje?

Mzee wa Kumbukumbu, Newport, amejibu:

Binti, salamu kutoka kwa Mkenya wa Mombasa aliyestaafu huku. Swali lako ni zuri, nalo lina jibu ambalo si la kupendeza lote, na ukilijua utautumikia mji vizuri zaidi kuliko aliyefichwa.

Julai 1882 watu wa Tredegar waliwageukia Wairishi waliokuwa wakifanya nao kazi kwenye chuma. Walivunjiwa nyumba, wengi wakauhama mji. Kisha Agosti 1911, Jumamosi tarehe 19, kundi la vijana lilivamia maduka ya Wayahudi katika mji huohuo. Likavunja vioo na kupora, na vurugu zikaenea mabonde ya jirani kwa karibu wiki nzima mpaka wanajeshi wakaletwa. Mwaka ule ulikuwa wa migomo, njaa na kodi za nyumba, na watu wenye hasira walitafuta wa karibu wa kumpiga. Wenye migodi hawakuwa karibu, mwenye duka alikuwa karibu. Sisemi haya kuwatetea. Bevan mwenyewe wakati huo alikuwa kijana wa miaka 13 katika mitaa ile.

Mfuko wa tiba na vioo vilivyovunjwa ni vya mji mmoja na kizazi kimoja. Naona wengi wanachukua kimoja na kukiacha kingine.

Sasa nikupe upande mwingine. Huduma ya afya ilipokua, madaktari wa Kiingereza wengi hawakutaka kufanya kazi mabondeni. Waliokuja, kuanzia miaka ya 1960, ni madaktari wa kutoka India, Pakistan na jirani zake. Kwa miongo mingi daktari wa familia wa mabonde haya alikuwa mara nyingi ni mtu wa huko. Walizalisha watoto, wakasaini vyeti vya vumbi la mapafu, wakazeeka hapahapa. Kwa hiyo mzee wa miaka 85 utakayemkuta kitandani, inawezekana kabisa maisha yake yote ya utu uzima ametibiwa na mgeni. Wewe hutakuwa wa kwanza kumshika mkono.

Na kama unapenda habari za kuchangiana, ongeza hii. Mgodi wa Tower, kule Hirwaun, serikali iliufunga mwaka 1994 ikisema haulipi. Wachimbaji 239 wakatoa pauni 8,000 kila mmoja, kutoka kwenye kiinua mgongo chao, wakaununua. Wakauendesha wenyewe tangu Januari 1995 hadi makaa yalipokwisha, 2008. Miaka 13 kwenye mgodi uliosemekana haulipi.

Kipanga wa Cardiff amejibu:

Mzee, nashukuru kwa kusema ya 1911. Nami niseme langu: mara moja gari langu liliharibika juu ya Tredegar, theluji inaanguka. Mama mmoja alitoka akaniita ndani, akanipa chai, na mwanawe akanivuta mpaka gereji. Hawakuchukua hela. Nilipoandika juu sikulikumbuka hilo, nilikumbuka baridi tu. Binti, maneno yangu ya matanga nayarudisha.

Mama Nuru wa Sirhowy amejibu:

Kaka, asante. Mzee wa Mombasa, shikamoo. Hayo ya 1911 huwa hayasemwi kwenye ziara za mji na ni vizuri umeyasema.

Binti, nakujibu kwa yaliyonipata. Miaka ya mwanzo kuna mzee alikataa nisimguse. Alisema neno ambalo sitaliandika. Mkewe alikuwa ameketi pale, mwanamke mdogo mwenye sweta la kijani. Akasimama, akamwambia mumewe kwamba daktari aliyemwokoa mguu wake alitoka Punjab, na kama hataki huyu basi alale na haja yake mpaka asubuhi. Nikamwogesha. Hakuniomba radhi siku ile wala siku nyingine, lakini wiki ya tatu alinifundisha neno la Kiwelshi la kipepeo, *pili-pala*. Nikamwambia kwetu pilipili ni kitu kingine kabisa. Akacheka mpaka nikaongeza oksijeni. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba wote watakupokea kwa mikono miwili. Wengi watakupokea. Wengine itakubidi usubiri, na wakishakupokea hawakuachii.

Wakikuita *butt*, umepokelewa. Ni jina la mwenzako wa kazi mgodini, yule uliyechimba naye bega kwa bega. *Cwtch* ni kumbatio, na pia ni kile kijumba kidogo chini ya ngazi walikokuwa wakiweka makaa, sehemu yenye joto. Mgonjwa akikuomba *cwtch* usitafute dawa kabatini. Babu wanamwita *bampi*. Watu wanapewa majina ya kazi zao, Dai wa Mkate, Jones wa Maziwa, kama kwetu Juma Maandazi, kwa sababu majina ya ukoo ni machache mno, kina Jones, Davies na Evans kila mlango. Kiwelshi chenyewe upande huu wanakizungumza wachache, lakini kimebaki kwenye nyimbo. Jumapili ya kwanza utakayokuwa huna zamu nitakupeleka ukasikie kwaya ya wanaume. Hiyo siielezi.

Sehemu mbili nenda mwenyewe, bila mimi. Ya kwanza ni Cefn Golau, juu ya mlima. Ni makaburi ya kipindupindu ya miaka ya 1832 na 1849. Watu waliogopa kuwazika karibu na mji, wakawapandisha huko kwenye upepo. Mawe mengine yameandikwa Kiwelshi, mengine yamelala, kondoo wanakula katikati. Mimi na wewe tumeona kambi za kipindupindu, tunajua harufu ya klorini. Nilisimama pale nikawaza watu waliokuwa wakinywa maji ya mto ambao kiwanda kizima na mitaa yote ilimwaga uchafu ndani yake, na hakuna aliyewaambia. Ya pili ni mawe manne barabara ya kwenda Ebbw Vale, moja kubwa la Bevan na matatu madogo ya Ebbw Vale, Rhymney na Tredegar. Pale ndipo alipohutubia watu wake. Nenda siku ya upepo, uone mtu mwenye kigugumizi alichagua kusemea wapi.

Mengine ni madogo. Lete viatu visivyopitisha maji, koti utanunua huku kwenye duka la hisani kwa bei ya chini. Mji una mwinuko wa mita 300 hivi, baridi yake si ya Cardiff. Usimkatalie mgonjwa kikombe cha chai. Wakikuletea *picau ar y maen*, vimaandazi bapa vya zabibu vinavyopikwa juu ya bamba la chuma, kula viwili, kimoja ni dharau.

Nitumie tarehe ya safari kwa ujumbe wa faragha. Basi linakuacha karibu na mzunguko wa saa. Ile saa ni mnara wa chuma wa futi 72, wa mwaka 1858, huwezi kuupoteza. Nitakuwa nimesimama chini yake, nimefunga kitenge chekundu juu ya koti.

Binti wa Muheza ameandika:

Nimelia na nimecheka. Tarehe nimekutumia. Mama anauliza nikubebee nini.

Mama Nuru wa Sirhowy amejibu:

Iliki ya Amani, kibuyu kidogo tu. Yule mama mwenye sweta la kijani sasa ni mjane, anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, na anaitia kwenye *picau* zake. Yangu iliisha tangu Pasaka na ananiuliza kila Alhamisi.